Mgaagaa Huhitaji Upwa: Bahati na Juhudi katika Mafanikio ya Mtu

Tarehe 24 Juni 2020, huko Mirerani wilayani Simanjiro, mawe mawili ya tanzanaiti yaliwekwa mezani mbele ya waandishi wa habari. Moja lilikuwa na uzito wa kilo 9.27, la pili kilo 5.103. Jiwe kubwa zaidi lililokuwa likijulikana kabla ya siku hiyo lilikuwa la kilo 3.3 tu. Serikali iliyanunua yote mawili kwa shilingi bilioni 7.74, na mwenye mawe, mchimbaji mdogo wa Kimaasai aitwaye Saniniu Laizer, akaondoka pale akiwa bilionea. Rais John Magufuli alimpigia simu kumpongeza, hadhara nzima ikisikia.

Jioni ile kila kijiwe kilikuwa na hakimu wake. Mmoja akasema nyota ya yule bwana ni kali. Mungu akitaka kukupa hakuandikii barua. Mwingine akaja juu: bahati gani hiyo? Mwenzenu amechimba miaka na miaka wakati nyinyi mmekaa hapa mnacheza bao. Wote wawili walikuwa na cha kusema, wala hakuna aliyemshinda mwenzake. Mabishano hayo hayaishi kwa sababu yanagusa mambo mazito: nani anastahili alichonacho, nani alaumiwe kwa kukosa, na aliyepata anadaiwa nini na waliokosa.

Kiswahili chenyewe hakijakata shauri. Kinatuambia mchumia juani hulia kivulini, kisha kinageuka na kusema juhudi si pato. Kina maneno chungu nzima ya kumwelezea aliyefanikiwa bila kutarajiwa: ana bahati, ana ngekewa, kajaaliwa, nyota yake inang'ara. Kina mengine kwa aliyekwama: ana nuksi, ana mkosi, ana kisirani. Lakini kuna methali moja ambayo, kwa maoni yangu, inalitazama jambo hili vizuri kuliko zote: mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Upwa ni ile sehemu ya pwani inayobaki wazi bahari inapokupwa. Anayezurura hapo hakosi kitoweo. Leo pweza, kesho kaa, keshokutwa chaza. Methali hii kwa kawaida hutumiwa kusifu bidii, na ni haki. Lakini ukiitazama kwa makini utaona imebeba mambo matatu. Kuna kugaagaa, nayo ni juhudi. Kuna kukutana na pweza, nayo ni bahati. Na kuna upwa wenyewe. Wanawake wa pwani wanajua kwamba wakati wa bamvua bahari hurudi mbali na kuacha eneo kubwa la kutafuta, na wakati wa maji mafu hurudi kidogo tu. Mtafutaji ni yule yule, bidii ni ile ile, lakini kapu la siku hizo mbili halilingani.

Mabishano yetu ya bahati na juhudi husahau upwa. Nitajaribu kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita bahati ni uamuzi wa mtu mwingine: mzazi, jirani, mwalimu, bunge. Na kilichoamuliwa na watu, watu wanaweza kukiamua upya.

Juhudi haina mbadala

Tuanze na haki ya wenye bidii. Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42.195 mjini Vienna Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, alisaidiwa na magari, viatu maalumu na wakimbiaji wa kumkinga upepo. Kwa hiyo muda ule haukuhesabiwa kuwa rekodi rasmi. Lakini hakuna gari linaloweza kumkimbilia mtu. Nyuma ya saa hizo mbili kasoro kulikuwa na miaka ya kambi ya Kaptagat, ya kuamka alfajiri, kulala mapema na kuishi mbali na familia siku nyingi za wiki. Mwaka 2012 alikosa nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Wengi wangestaafu. Yeye alihamia marathoni, akashinda ya kwanza mjini Hamburg mwaka uliofuata, kisha akatwaa dhahabu mbili za Olimpiki.

Mtu anayeiona safari hiyo na kusema "ana bahati" anamdhulumu. Vivyo hivyo fundi anayemaliza kazi siku aliyoahidi, muuza genge anayejua kila mteja wake, na mwanafunzi anayesoma kwa kibatari. Bila juhudi, mlango ukifunguka hakuna wa kuingia. Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaodhani kwamba kuitaja bahati ni kuifuta juhudi. Uhusiano wa viwili hivi unafanana na kuzidisha kuliko kujumlisha. Ukizidisha bahati kubwa kwa juhudi sifuri unapata sifuri. Tatizo ni kwamba hesabu hiyo hiyo inafanya kazi upande wa pili: juhudi kubwa ikizidishwa kwa nafasi sifuri, jibu ni sifuri vilevile.

Pale wengi wanapostahili

Bahati huonekana wazi zaidi pale washindani wanapokaribiana. Mwezi Juni 2014 Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, ulijaa watu kana kwamba Simba na Yanga wanacheza. Walikuwa wahitimu waliokuja na bahasha za vyeti kufanya usaili wa Idara ya Uhamiaji. Watu zaidi ya 10,000 waliitwa kugombea nafasi 70. Hebu fikiria usaili huo umeendeshwa kwa haki kamili, na kwamba asilimia 10 tu ya waliofika walikuwa na sifa za kweli kweli. Hao ni watu 1,000 kwa nafasi 70. Kati yao, msaili atatenganishaje? Kwa alama nusu. Kwa swali ambalo mmoja alilisoma juzi na mwenzake hakulisoma. Kwa yule aliyelala vizuri na yule aliyeamka na homa. Waliopata walistahili, waliokosa wengi nao walistahili. Kadiri watu wenye sifa wanavyoongezeka, ndivyo punje ya bahati inavyozidi kuwa na nguvu, kwa sababu sifa zimeshalingana.

Historia ya michezo yetu inalo jeraha linaloeleza jambo hili. Tarehe 2 Februari 1974, katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, Filbert Bayi wa Tanzania alishika uongozi wa mbio za mita 1,500 tangu mwanzo na hakuuachia. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Wa pili alikuwa John Walker wa New Zealand, naye siku hiyo aliivunja rekodi ya zamani. Dunia ikaanza kuhesabu siku za kuwaona tena wawili hao katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Hawakukutana. Nchi za Afrika zaidi ya 20, Tanzania ikiwemo, ziliisusia michezo hiyo kwa sababu timu ya ragbi ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu. Walker akatwaa dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39.2, sekunde 7 nyuma ya muda wa Bayi wa Christchurch.

Hakuna anayeweza kuapa kwamba Bayi angeshinda. Mbio za fainali huwa za hesabu, na mara nyingi huwa za polepole. Wala sisemi kwamba kususa kulikuwa kosa. Kupinga ubaguzi wa rangi kulikuwa na uzito kuliko medali yoyote. Ninachosema ni kwamba mapafu ya Bayi, miguu yake na ujasiri wake vilikuwa vile vile, na bado jina lake halimo kwenye orodha ya mabingwa wa Montreal kwa sababu ya maamuzi yaliyofanywa na watu wengine. Miaka 4 baadaye mjini Moscow alipata medali ya fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji. Hiyo ni stahili yake. Na nafasi iliyopotea Montreal nayo aliistahili.

Watafiti Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walilipima jambo la namna hii katika muziki, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2006. Waliweka kwenye mtandao nyimbo 48 za bendi zisizojulikana, na watu zaidi ya 14,000 wakasikiliza na kupakua walizozipenda. Wasikilizaji waligawanywa katika dunia mbalimbali zisizoonana, na katika baadhi ya dunia hizo kila mtu aliona wenzake wamepakua nini. Kama ubora peke yake ndio unaoamua, wimbo namba moja wa dunia hii ungekuwa namba moja katika dunia ile. Haikuwa hivyo. Nyimbo nzuri kabisa ni nadra kuanguka, na mbovu kabisa ni nadra kupanda. Lakini kwa zilizobaki katikati, lolote lilitokea. Wimbo uliopata wasikilizaji wachache wa mapema ulivuta wengine, na wale wakavuta wengine tena. Aliye karibu na muziki wa Bongo Fleva anaujua mchezo huu: redio ikiupiga wimbo wiki ya kwanza, mtaa unaufuata.

Jirani, kaka na ndege

Hadi hapa nimezungumzia bahati ya dakika za mwisho, ile inayowatenganisha waliokwisha kufika mlangoni. Iko nyingine kubwa zaidi inayoamua nani afike mlangoni. Mchumi Branko Milanovic ameonyesha kwamba zaidi ya nusu ya tofauti ya kipato kati ya watu wa dunia nzima inaelezwa na nchi anayoishi mtu. Hakuna mtihani aliofanya mtoto ili azaliwe Oslo badala ya Bujumbura.

Turudi kwa Kipchoge. Alizaliwa Kapsisiywa, kaunti ya Nandi, katika nyanda za juu zinazofaa kwa mapafu ya mkimbiaji. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo. Lakini katika kijiji hicho hicho alikuwepo Patrick Sang, mshindi wa medali ya fedha ya Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Kijana Eliud alimfuata kumwomba programu ya mazoezi, akaifuata, akarudi kuomba nyingine, na nyingine. Sang hakumjua, baadaye ndipo alipogundua kwamba kijana huyu ni mtoto wa mwalimu aliyemfundisha yeye mwenyewe shule ya chekechea. Kuomba kulikuwa juhudi ya Eliud. Kuwa na jirani wa kuombwa, na jirani huyo akakubali, hapo ndipo ulipo upwa.

Wangari Maathai naye alikuwa msichana wa Ihithe, Nyeri, wakati ambapo watoto wa kiume ndio waliopelekwa shule. Siku moja kaka yake, Nderitu, alimuuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama hakuwa na jibu, akakubali aende. Swali moja la kaka. Msichana alisoma kwa bidii, akafaulu vizuri sana, na mwaka 1960 alikuwa miongoni mwa vijana waliokwenda kusoma Marekani kwa mpango wa ndege ulioongozwa na mwanasiasa Tom Mboya, ambao mwaka mmoja kabla ulikuwa umeanza kwa kupeleka wanafunzi 81. Mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Ukimwita Wangari Maathai mtu mwenye bahati, utakuwa umesema kweli, lakini bahati yake ina majina. Inaitwa Nderitu, inaitwa Mboya, inaitwa mama aliyekubali kupungukiwa mikono ya kumsaidia shambani. Na hapo ndipo moyo wangu unapouma: ni wasichana wangapi wa Nyeri wa umri wake, wenye akili kama zake, ambao hakuna kaka aliyewaulizia? Hatutawajua. Juhudi zao ziliishia kuchota maji.

Mfano wa Kimani Ng'ang'a Maruge unaonyesha uamuzi ukiwa mkubwa zaidi. Serikali ya Kenya ilifuta ada ya shule za msingi Januari 2003. Mwaka uliofuata Maruge, mzee wa miaka 84 aliyewahi kupigana katika Mau Mau, alijiandikisha darasa la kwanza mjini Eldoret, akavaa sare na kukaa na watoto. Kiu ya kusoma alikuwa nayo siku zote. Kilichobadilika ni sera. Tanzania nayo ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 2001, na kuanzia Januari 2016 ikaondoa ada hadi kidato cha nne. Kwa mtoto mmoja mmoja hiyo ilikuwa bahati ya kuzaliwa mwaka mzuri. Kwa nchi ulikuwa uamuzi.

Jiwe lile lile, ardhi ile ile

Sasa turudi Mirerani. Kama kuna mahali bahati ingejitegemea, ni huko. Tanzanaiti haijapatikana kokote duniani isipokuwa katika kipande kidogo cha ardhi karibu na Mlima Kilimanjaro. Wanaapolo, kama wachimbaji wa huko wanavyoitwa, wanashuka mamia ya mita wakiufuata mwamba bila kujua uko wapi mkanda wenye mawe. Wapo waliotumia ujana wao wote humo wakatoka mikono mitupu. Machi 2008 mvua kubwa ilijaza maji migodini na kuua makumi ya wachimbaji kwa siku moja. Wale hawakuwa wavivu kuliko Laizer.

Lakini hata huko, tazama kwa makini. Mwaka 1967 Jumanne Ngoma aliokota mawe ya buluu katika eneo hilo, na serikali inamtambua kuwa mgunduzi wa tanzanaiti. Mawe yakapata soko New York, yakauzwa dunia nzima kwa miongo mitano. Ngoma hakupata utajiri wake. Aprili 2018, akiwa mzee na mgonjwa, aliitwa kwenye uzinduzi wa ukuta uliozungushiwa migodi ya Mirerani na Rais akaagiza apewe shilingi milioni 100. Mwaka uliofuata akafariki dunia.

Ngoma alikuwa na bahati kuliko Laizer; yeye alilikuta jiwe ambalo hakuna aliyejua kuwa lipo. Kwa nini basi mmoja alipata milioni 100 baada ya nusu karne na mwingine mabilioni siku ya mauzo? Tofauti ilikuwa upwa. Laizer alikuwa na leseni yake. Ukuta wa kilomita 24 uliojengwa na jeshi ulikuwa umepunguza utoroshaji wa madini. Mwaka 2019 serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo baadhi ya kodi na kufungua masoko ya madini mikoani, na jiwe likapata mnunuzi wa wazi na bei inayojulikana. Mwamba ulimpa Laizer mawe. Sheria ndiyo iliyohakikisha yanabaki yake.

Bahati ya kuuziwa

Najua pingamizi litakalokuja: ukiwaambia vijana kwamba bahati ina nguvu kiasi hiki, unawapa wavivu kisingizio. Hofu hiyo ina msingi. Jamii ikishaamini kwamba kila kitu ni bahati, wanajitokeza wa kuiuza.

Tazama kubeti. Kijana anapanga mkeka wa mechi 10, akichagua timu anazoamini kila moja ina nafasi ya asilimia 60 kushinda. Kila chaguo likitazamwa peke yake linaonekana la busara. Lakini ili mkeka usichanike lazima zote 10 zishinde, na hesabu ya 0.6 ikizidishwa yenyewe mara 10 inatoa takriban 0.006. Yaani mikeka 6 katika 1,000. Mingine 994 inachanika, na Jumatatu kijana anasema "timu moja tu imeniangusha". Hapo hakuna upwa; kuna duka, na mwenye duka ameshapiga hesabu.

Kuna la kutisha zaidi. Katika Kanda ya Ziwa ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kwa sababu waganga matapeli waliwaaminisha watu kwamba viungo vyao huleta ngekewa ya dhahabu na samaki. Serikali ilipiga marufuku waganga hao, damu ikiwa imeshamwagika. Watu wasipoelewa mafanikio hutoka wapi, kuna atakayewapa maelezo, na baadhi ya maelezo huua.

Kwa hiyo dawa ya uvivu na ushirikina si kuwadanganya watu kwamba bidii hulipa daima. Kijana aliyefundishwa hivyo, siku akishindwa licha ya bidii yake, anabaki na majibu mawili tu: ama yeye ni mjinga, ama amerogwa. Afadhali kumwambia ukweli wa methali. Nenda ufukweni, maana nyumbani hakuna pweza. Ijue kalenda ya bamvua. Usiende mara moja. Nenda mara nyingi, maana anayejaribu mara 20 huipa bahati nafasi 20 za kumkuta. Na siku ukirudi kapu tupu, usijitukane. Hata dini zetu hazituambii tukae tukisubiri kudra. Mwislamu anafundishwa amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo atawakali.

Na aliyepata? Mwaka 1958 Mwingereza Michael Young alitoa kitabu kuhusu jamii ya kubuni ambayo kila mtu anapewa nafasi kwa kadiri ya akili na juhudi zake. Alikusudia kutoa onyo: katika jamii hiyo walio juu wanaamini wanastahili kila kitu, kwa hiyo hawamwonei haya wala huruma aliye chini. Hatari hiyo tunaiona leo. Mtu aliyesoma bure enzi za Mwalimu Nyerere, akalipiwa hadi nauli ya treni ya kwenda shule, anasimama jukwaani kuwaambia vijana kwamba yeye alijitengeneza mwenyewe. Alifanya bidii, hakuna ubishi. Lakini treni ile haikuwa yake.

Kukumbuka bahati yako hakukupunguzii heshima. Kunakuonyesha mahali pa kurudishia. Aliyeulizwa swali na kaka anaweza kumuulizia binti wa jirani. Aliyepewa programu ya mazoezi anaweza kumwandikia kijana mwingine. Na sote, kwa kura na kodi zetu, tunaweza kudai shule, zahanati, mikopo na sheria zinazoupanua upwa ili wagaagaaji wengi zaidi wawe na pa kugaagaa.

Wiki ile ya mawe yake, Laizer aliwaambia waandishi kwamba anataka kujenga shule karibu na kwake, kwani yeye mwenyewe hakusoma. Mtoto wa Simanjiro anayekaa kwenye dawati kama hilo atakuja kusema alibahatika kuzaliwa karibu na shule. Atakuwa sahihi. Lakini dawati halikuokotwa mgodini. Kuna mtu aliamua liwepo.